Jina la Evelio Kwenye Hati

Wifi yangu Nereida Bacallao hajui kukaa chini. Kahawa anainywa amesimama, maharage anayachagua huku anatembea, na hata kwenye msiba wa kaka yake, aliyekuwa mume wangu, alizunguka ukumbi mzima akiulizia kama kuna anayetaka kuhama. Siku ile nilimkasirikia sana. Baadaye nikasikia kwamba pale pale msibani alimpatia mjane mmoja chumba cha chini, apumzishe magoti yake na ngazi za kwao, nikanyamaza. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na mpaka leo sijaamua kama nampenda au nimemzoea tu.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu. Hapa Havana nyumba yako ilikuwa yako, hati ina jina lako na muhuri, lakini kuiuza ilikuwa marufuku tangu mimi nikiwa msichana mdogo. Kubadilishana ndiyo ilikuwa ruksa: unanipa yako, nakupa yangu, serikali inagonga muhuri. Sasa fikiria. Mke na mume wameachana lakini wanalala chumba kimoja na pazia katikati, kwa sababu hakuna pa kwenda, na mke mpya naye kahamia upande wa pili wa pazia. Bibi kazeeka yuko ghorofa ya nne, lifti ilikufa zamani. Kijana kaoa, na nyumbani kwao wako tisa kwenye vyumba viwili. Wote hao Jumamosi walikwenda barabara ya Prado, chini ya miti, na kipande cha boksi mkononi: natoa moja, nataka mbili. Katikati yao alipita Nereida na daftari la shule kwapani, mbio mbio, anaongea na watu watatu kwa mpigo.

Zamani alikuwa mwalimu wa jiografia. Ilipofika ile miaka mibaya, umeme unakuja kutusalimia tu na kuondoka, alisimama darasani akionyesha kwenye ramani wanakolima ngano, akaona watoto wanaitazama ramani kwa njaa. Ndivyo anavyosimulia yeye. Mimi simwamini sana, maana kila akisimulia, nafaka inabadilika. La kweli ni kwamba aliacha chaki, na ile akili ya ramani akaihamishia kwenye nyumba za watu. Alijua jengo gani maji yanapanda hadi juu na lipi yanaishia njiani, ukuta upi umeoza kwa chumvi, choo kipi kina foleni asubuhi. Ukimtajia mtaa anakutajia nani anachukiana na nani ndani yake.

Mnyororo wake mkubwa ulikuwa wa nyumba kumi na moja. Wa kwanza anaingia kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, hivyo hivyo hadi wa kumi na moja anaingia kwa wa kwanza, na wote lazima wahame siku moja, maana akigoma mmoja tu, kumi wako barabarani na vitanda vyao. Asubuhi hiyo mzee mmoja wa Luyanó akagoma. Paka wake kapotea, na bila paka haondoki. Malori yanasubiri, majokofu yako kwenye mikokoteni, kuna mtu kakaa na nguruwe ndani ya beseni la kuogea katikati ya barabara. Nereida alipotea saa moja akarudi na paka wa kijivu. Hakuwa paka yule. Mzee akamtazama paka, akamtazama Nereida, akapanda lori.

Kutoka kwenye mnyororo huo ndipo tulipopata nyumba hii tunayokaa, mtaa wa Virtudes, ghorofa ya pili, yenye roshani. Ilikuwa ya kikongwe mmoja, Amparo, aliyetaka kwenda kufia karibu na dada yake huko Cárdenas. Nereida alimpatia nyumba ya mbao hatua mbili kutoka kwa dada yake, na Amparo kwa shukrani akamwachia hii.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Naliita kosa sasa. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kila jengo lilikuwa na mtu aliyefanya hivyo. Sheria ilisema mtu mmoja, nyumba moja. Nereida tayari alikuwa na chumba chake cha mtaa wa Lealtad, alichoachiwa na mama yake, na hakutaka kukiachia kwa sababu alikuwa anamwekea bintiye, Dayamí, ambaye alikuwa bado mtoto wa miaka kumi na tano na hawezi kuandikwa kwenye hati. Amparo aliruhusiwa kutoa nyumba yake kama zawadi, lakini anayepokea asiwe na nyumba nyingine. Na mimi pia nilikuwa bado nimeandikwa kwenye nyumba ya mama yangu huko Guanabacoa, pamoja na ndugu zangu watano ambao hawasemeshani. Basi tukatafuta mtu asiye na nyumba. Tukampata Evelio.

Evelio Quintanal alikuwa fundi wa feni, mseja, mtu wa sauti ndogo, akiishi ng'ambo ya barabara kwa dada yake Hortensia. Ukimpa feni iliyoungua anakurudishia inazunguka, na hakudai hadi umkumbushe. Nereida alimwita akamweleza mambo yote kwa dakika tatu, amesimama. Evelio akasikiliza, kofia mkononi.

"Mwalimu," alimwambia, kwa sababu hadi leo anamwita hivyo, "jina langu halina kazi nyingine. Lichukue ulitumie."

Hati ikatoka kwa jina la Evelio. Tukahamia mimi na Nereida na Dayamí. Evelio akawa anakuja Jumapili kunywa kahawa, anakaa kiti cha karibu na mlango, anamaliza, anashukuru, anaondoka. Dayamí alipofika miaka kumi na minane, Nereida alimwandikisha kile chumba cha Lealtad. Sasa njia ilikuwa wazi ya kubadilisha hati ya hapa ije kwa jina lake. Nilimkumbusha. Akasema mwakani. Mwakani nikamkumbusha tena, akasema, "Wifi, ile ni karatasi tu. Atafanya nayo nini? Ataila?" Na kweli, angeifanya nini? Nyumba haiuziki, aliyemo ndiye mwenye nyumba. Miaka ikapita namna hiyo, yeye anahangaikia karatasi za wenzake.

Kisha serikali ikaanza kulegeza, kidogo kidogo. Kwanza likatoka gazeti lenye orodha ya kazi ambazo mtu anaruhusiwa kujifanyia mwenyewe, mia moja sabini na nane. Nereida aliisoma orodha yote jikoni, kidole kinashuka mstari kwa mstari.

"Kuna mvisha vifungo kitambaa," akasema. "Kuna mjaza viberiti vya gesi. Kuna mpogoa minazi. Kuna mpiga ramli, wifi, na kanzu yake. Anayewatafutia watu pa kulala, hayupo."

"Basi kapige ramli," nikamwambia.

Alikwenda kuchukua leseni ya vifungo. Hajawahi kuvisha kifungo hata kimoja, lakini sasa polisi akimuuliza Prado anafanya nini anatoa karatasi yake. Evelio naye, feni mpya za Kichina zikiwa zimemharibia soko, alichukua ya viberiti, akaweka meza ndogo chini ya ngazi za jengo letu. Mtaa mzima ulikuwa umepata wazimu. Madirisha yaligeuka maduka, huyu anauza pizza, yule juisi ya pera, mwalimu wa fizikia anatengeneza simu sebuleni. Kila mtu anatembea haraka. Kila mtu anasema lazima tuwahi, na ukimuuliza kuwahi nini hana jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka na moyo unadunda, nikaanza kukaanga kroketi, vile vidonge vya unga, za kuuza, ingawa sijui kukaanga.

Novemba ya mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba nyumba zinaweza kuuzwa. Mwenye jina kwenye hati anakwenda kwa msajili na mnunuzi, wanaweka sahihi, basi. Nereida alikuwa anasikiliza redio, akakaa chini. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akikaa mchana.

"Wamefungua, wifi," akasema. Macho yalimjaa machozi. "Nusu ya maisha yangu nawaambia watu hawa, mwacheni mtu na nyumba yake. Wamefungua."

Mimi nilikuwa namenya magimbi, na sijui kwa nini nilikuwa wa kwanza kuliona. "Nereida," nikasema, "mwenye jina ni Evelio."

Alinitazama, akanyanyuka, na tangu saa ile hatukulala vizuri tena.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa kile chumba cha Lealtad. Dayamí alikiuza chumba cha bibi yake kabla hata Krismasi, akanunua tiketi ya ndege kwenda Ekuador. Alikuja kuaga na sanduku jipya.

"Ulikiuza bila kuniambia," Nereida akamwambia.

"Mama, si ndiyo mageuzi uliyokuwa unayaombea kila siku? Mwenye jina ndiye mwenye nyumba. We mwenyewe uliniandikisha."

"Nilikuandikisha uishi."

"Ndiyo hivyo, nakwenda kuishi."

 Nereida alimsindikiza hadi kwenye teksi, akarudi akizunguka meza. Mwanamke aliyewapa nusu ya Havana paa sasa hakuwa ameandikwa popote, hata kwenye banda la kuku. Kilichobaki ni nyumba hii yenye roshani, na nyumba hii ilikuwa ya mtu aliyekaa pale chini anajaza viberiti.

Sasa niseme langu, nisijifiche. Mimi ndiye niliyemwambia amuwahi Evelio. Nilimwambia, "Mpeleke kwa msajili upesi akuandikie zawadi, kabla hajapata mtu wa kumfumbua macho." Kwa mdomo wangu huu. Chumba cha pili ni changu, kitanda changu kimo, picha ya marehemu imo. Niliogopa, na nikiogopa naongea ovyo.

Evelio alikubali mara moja. "Unavyoona, Mwalimu," akasema, akafuta mikono.

Tulikwenda watatu. Ofisi ya msajili ilikuwa imefurika hadi barabarani, maana Havana nzima ilikuwa imekumbuka kwamba haikai nyumba iliyoandikwa jina lake. Tukauliza nani wa mwisho, mama mmoja mwenye mwavuli akainua mkono, tukajua tuko nyuma yake, na kuanzia hapo kila mtu yuko huru kutawanyika. Nereida akaenda kuchukua nafasi ya mkate kwenye foleni ya pili na ya betri kwenye ya tatu, anakimbia kati ya zote. Evelio alibaki amesimama nyuma ya mwavuli. Alikuwa kavaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa.

Saa saba tukaingia. Msajili alikuwa msichana mdogo, kachoka, lakini anafanya kazi yake kama inavyotakiwa, na kazi yake ilimtaka asome yote kwa sauti. Akasoma: nyumba ya ghorofa ya pili, mtaa wa Virtudes, sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, bafu lenye vigae, ua mdogo wa kuanikia nguo, roshani inayotazama barabarani yenye uzio wa chuma. Mmiliki, ndugu Evelio Quintanal. Kisha akainua macho.

"Ndugu Evelio, unaelewa kwamba unatoa nyumba hii kwa hiari yako mwenyewe, na kwamba baada ya hapa huna haki yoyote juu yake?"

Nereida tayari alikuwa na kalamu mkononi, anamnyooshea. Evelio hakuichukua.

"Samahani, binti," akasema. "Nisomee tena pale kwenye vyumba."

Msichana akasoma tena. Sebule, vyumba viwili, jiko, bafu lenye vigae, ua.

"Kuna ua," Evelio akasema.

"Kamekaa kama kabati, ua gani ule," Nereida akamwambia. "Weka sahihi, Evelio, watu wanangoja."

"Mimi sijawahi kuiona yote. Naijua sebule." Alisema polepole, hakuwa anatulaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Leo hapana, Mwalimu. Sijasema sitaki. Ila leo hapana."

Akavaa kofia akatoka. Nikamwona kupitia dirishani anamshukuru yule mama wa mwavuli.

Nereida alitembea kutoka pale hadi nyumbani bila kusimama, mimi nyuma nahema, na mkate tukauacha. "Miaka tisa," alikuwa anasema. "Miaka tisa nampa kahawa."

"Kahawa yenyewe nusu yake ni njegere za kusaga," nikamwambia.

"We uko upande wa nani?"

"Wa chumba changu."

Jumapili Evelio hakuja. Jumapili iliyofuata pia hakuja. Asubuhi tulikuwa tunashuka ngazi tunampita kwenye meza yake, yeye anainua kofia, Nereida anageuza uso. Kisha Nereida akaenda kwa wakili, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alimweleza kwa adabu kwamba anaweza kushtaki, lakini ili ashinde itabidi akiri mbele ya hakimu kwamba ile zawadi ya Amparo ilikuwa ujanja, na wakishakiri wote wawili, nyumba inaweza kuchukuliwa na serikali, wote wabaki wanaitazama. Alirudi na maneno hayo akaanza kusafisha. Alisafisha vigae vya bafu kwa mswaki. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule na kulirudisha. Usingizi ukamtoka, na mimi ukanitoka kwa sababu yake. Tukawa tunagombana kwa vitu vya kipuuzi, nani kamaliza chumvi, nani kaacha bomba wazi.

Halafu tukamwona yule mtu. Tulikuwa roshanini, mchana kweupe, na ng'ambo ya barabara kasimama bwana mmoja mwenye viatu vizuri, anaitazama nyumba yetu kuanzia chini hadi juu. Anapima kwa macho. Nereida anaijua sura hiyo ya mnunuzi, ameiona Prado maelfu ya mara. Bwana akavuka, akainama mezani kwa Evelio, wakaongea. Waliongea muda mrefu kuliko kujaza kiberiti. Mwisho wakapeana mikono.

"Kauza," nikasema.

 Asubuhi Nereida alivaa lile gauni lake la kwenda kwa wakubwa, akaniambia nimfuate, tukavuka barabara kwenda kwa Hortensia.

Jambo la ajabu ni kwamba ile ndiyo ilikuwa nyumba pekee katika eneo letu ambayo Nereida hakuwa ameingia. Hortensia hakuwahi kutaka kuhama, kwa hiyo hakuwa na haja naye. Alitufungulia na kanga ya jikoni kiunoni, akapaza sauti kuelekea ndani, "Una wageni," akarudi kwenye sufuria zake. Mle ndani wamo yeye, mume, wanawe wawili, wake zao na wajukuu. Evelio alikuwa kwenye ukorido kati ya jiko na choo, anakunja kitanda cha turubai. Kila siku lazima akikunje kabla watu hawajaanza kupita kwenda chooni, na hakikunjuliwi hadi wa mwisho amalize kuosha vyombo. Nguo zake zilikuwa ndani ya boksi juu ya jokofu, na feni moja na begi la vifaa vya kazi pembeni. Sikuona kitu kingine chake. Nilitafuta, kwa macho, sikuona.

Nereida naye alikuwa anatazama. Alitazama kitanda, jokofu, upana wa ukorido. Nilijua anapima, kwa sababu hajui kufanya vinginevyo.

"Karibuni," Evelio akasema. "Viti ndiyo hivyo, havipo."

"Umeuza?" Nereida akamuuliza.

"Yule bwana? Alitaka. Nikamwambia siuzi kitu ambacho sijakilalia."

"Sasa unataka nini, Evelio? Nikupe nini? Sema."

Mkwe mmoja wa Hortensia akapita katikati yetu na ndoo, tukabana ukutani kumpisha. Evelio akasubiri apite.

"Sitaki kukufukuza, Mwalimu. Hilo usiliogope, wewe wala wifi yako. Nina miaka sabini na moja. Mimi nimelala hapa tangu mama alipofariki. Wale wa sensa walipokuja waliniuliza, ndugu, una nyumba? Nikajibu, ninayo, ina roshani. Wakaandika. Siku ile nilifurahi mpaka nikaona aibu." Alifunga kamba ya kitanda, akaifungua, akaifunga upya. "Nataka kulala ndani yake. Hata mwezi mmoja."

Nilisubiri Nereida alipuke. Hakulipuka. Sauti yake ilitoka ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Nimewahamisha watu mia nne," akasema. "Mia nne, Evelio. Watu nisiowajua. Nyumba ya kubadilisha hukuwa nayo, sawa, lakini kona ningekutafutia. Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Ulikuwa unakuja kila Jumapili."

"Nilikuwa nakuja. Ila wewe ulikuwa na haraka."

Wifi yangu aliegemea jokofu. Nilidhani anaanguka, nikamshika mkono. Hakuwa anaigiza; namjua akiigiza. Miaka yote ile alijua nani analala wapi Havana nzima, na aliyempa nyumba alilala hatua arobaini kutoka kitandani kwake, kwenye njia ya chooni, na hakuwahi kugeuza shingo.

"Utahamia Jumamosi," akasema. "Chumba cha pili."

"Chumba cha pili ni changu," nikasema mimi.

"Utalala kwangu."

"Unakoroma."

"Na we unaongea na kaka yangu usingizini, mbona nakuvumilia kupitia ukutani? Jumamosi."

Niliwaka. Nikamwambia pale pale, mbele ya Evelio na sufuria za Hortensia, kwamba mimi si jokofu la kusukumwa kutoka ukuta huu kwenda ule, kwamba nimemzika kaka yake, nimemlelea mtoto aliyeuza chumba na kuondoka. Niliyasema yote. Evelio aliinamisha kichwa, akaanza kusema basi asingependa kutusumbua. Na hapo aliposema hivyo, mtu mwenye nyumba, kasimama kwenye ukorido na kitanda chake kwapani, anaomba radhi kwa kutusumbua sisi, hasira ilinishuka yote nikabaki na aibu tu. Nikasema Jumamosi ni sawa. Nikasema pia kwamba godoro la Nereida lina shimo, na upande wa shimo silali.

Jumamosi Nereida hakwenda Prado. Kuhama kwenyewe kulichukua safari moja ya kuvuka barabara. Evelio alibeba boksi la nguo, mimi nikabeba feni yake, Nereida akabeba begi la vifaa vya kazi, na kitanda cha turubai tukamwachia Hortensia, maana changu nilikuwa nimekiacha chumbani na shuka safi. Nilikuwa nimetoa picha ya marehemu na nguo zangu jana yake, nikilia kidogo, nikifuta na kuendelea.

Tulimzungusha nyumba. Nereida alitangulia, anafungua milango. Hili jiko. Hili bafu, vigae vyenyewe hivi. Huu ua, nilikuambia ni kabati. Evelio aliingia kila mahali akasimama katikati, mikono nyuma, hakugusa kitu. Roshanini alikaa muda mrefu. Chini, mtu alikuwa anamtafuta mezani kwake na kiberiti mkononi, naye hakumwita.

Kisha akaingia chumbani, akaurudisha mlango. Tulibaki jikoni. Nereida aliweka kahawa motoni. Tulisikia kitanda kinalia alipokaa. Halafu mlango ukafunguka kidogo akatoa kichwa. Mkononi alikuwa na lile shati lake jeupe, na msumari mmoja.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Kwa Hortensia hawakutaka kuta zitobolewe. Naweza kupigilia msumari hapa wa kutundika shati? Mmoja tu. Kama haiwezekani nitaweka kitini."

Nilimtazama Nereida.  Miaka tisa, kila aliyeingia mlango ule Nereida alimwambia karibu nyumbani kwangu. Alizima moto. Akainama chini ya sinki, akapekua, akatoa nyundo, akaenda nayo mpaka mlangoni pa chumba, na hakuvuka kizingiti.

"Usiniulize mimi," akamwambia. "Nyumba ni yako."

Evelio akapokea nyundo akapigilia.